Kichanja cha kupandisha kwa winchi kwenye banda la gari: kapi ngapi, na kenchi itabeba?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Tanga mjini, Sahare. Nyuma ya nyumba nina banda la gari la tofali za nchi 6, upana futi 12, urefu futi 20, kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi ni futi 10. Mke wangu anakodisha viti na maturubai ya shughuli, vitu vimejaa mpaka Noah inalala nje. Nataka kutengeneza kichanja cha futi 8 kwa 4 kinachoning'inia juu, nikipandishe na kukishusha kwa winchi ya mkono. Winchi ninayo ile ya trela la boti, na waya wa mili 4 roli nzima. Nilifikiria kapi nne kwenye kenchi, moja kila kona. Mzigo ni viti kama 40, maturubai, masufuria na injini ya boti ya hosi 15. Itakaa? Na naweza kushusha peke yangu bila kuita mtu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na majibu mafupi usije ukaanza kutoboa kenchi leo jioni: kapi nne hazitoshi, kenchi usiiguse, na hiyo winchi irudishe kwenye trela lake. Waya tutautumia kama ni wa aina ninayoifikiria, ntakwambia namna ya kuujua. Kichanja chenyewe kinawezekana kabisa na sio kazi ya kutisha, fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako anakufanyia, ila kuna kitu wengi wanaojitengenezea nyumbani wanakipindua, wanaichukulia winchi kama ndo ya kubeba mzigo usiku na mchana. Winchi kazi yake kupandisha na kushusha, basi. Mzigo ukifika juu ukae kwenye kitu kingine, chuma kwa chuma, winchi ilegezwe mpaka waya ulale. Ukilishika hilo mengine yote niliyoandika hapa chini yatakuja yenyewe.

Tuje kwenye uzito kwanza maana hapo ndo watu wanakisia tu. Plaiwudi ya mili 18 ya futi 8 kwa 4 peke yake ni kilo 30 na kitu. Fremu ya chini yake ukitumia skwea paipu ya 40 kwa 40 unene mili 2, mita moja ni kilo 2.3 hivi, ukizungusha pande nne na kuweka vipande viwili vya kukatiza katikati unamaliza karibu mita 10, hiyo ni kilo 23. Kwahiyo kichanja kitupu, kabla hujaweka hata sufuria moja, ni kilo 55. Viti vya plastiki vile vya kawaida kimoja ni kama kilo 2 na nusu, 40 ni kilo 100. Tayari uko 155 na bado maturubai. Na turubai usilipime likiwa kavu ukaridhika, lipime lile lililorudi kwenye shughuli usiku na mvua, limekunjwa na maji na mchanga ndani, hilo ndo litakalopanda juu siku mmechoka na hakuna anayetaka kulianika. Kaazime ile mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa chuma chakavu, pima kila kitu, andika. Mimi ningeweka mwisho kilo 200 jumla pamoja na kichanja chenyewe, maana yake mzigo wako ni kilo 145. Mahesabu yote ya hapa chini ni ya hizo 200, ukitaka zaidi usiongezeongeze kienyeji, rudi tupige upya.

Sasa kenchi. Kenchi zetu nyingi zinapigwa pale pale saiti, mbao za mbili kwa nne za paina, misumari, fundi anakata kwa jicho na uzoefu, na zinafanya kazi yake vizuri tu ambayo ni kushika papi na bati na kuhimili upepo wa kusi. Ule ubao wa chini wa kenchi unaopita kutoka ukuta hadi ukuta kazi yake ni kuvutana, unazuia miguu ya kenchi isitanuke, haukuwekwa ubebe kitu kinachoning'inia katikati yake. Ukifunga kapi katikati ya ubao huo unaanza kupinda, misumari ya kwenye maungio inaanza kutoka kidogo kidogo, na hautaona kwa sababu silingi bodi imeficha. Na tena ukumbuke kwa kapi mzigo unaofika juu sio zile kilo zilizoko kwenye kichanja tu. Hapa naomba usome taratibu.

Waya ukipanda kutoka kwenye kona ya kichanja, ukapita juu ya kapi, halafu ukashuka upande wa pili kwenda kwenye winchi, kapi inavutwa chini na pande zote mbili. Mzigo wa kilo 50 unaifanya ile kapi ibebe 100. Kwenye muundo wako nyaya zote nne zinatoka kwenye kichanja, zinapita juu, zinashuka ukutani, kwahiyo juu kule panavutwa kilo 200 za kichanja na kilo 200 nyingine za kule winchi inakovutia. Jumla 400, na hapo sijasema kichanja kikigonga au kikikwama kikaachia ghafla. Wewe ulikuwa unaifikiria 200, kenchi ingekuwa inafikiria mengine kabisa.

Kwahiyo tunajenga fremu inayojitegemea. Nguzo nne za skwea paipu 75 kwa 75 unene mili 3, mbili kila upande wa banda zikiwa zimeegemea ukuta, chini zinakaa kwenye bamba la chuma lililofungwa na boliti za kutanuka za mili 12 kwenye zege ya sakafu. Juu yake mihimili miwili ya paipu hiyohiyo inakatiza upana wa banda, futi 12, na umbali kati ya muhimili na muhimili ni futi 4, sawa na upana wa kichanja. Kichanja unakilaza kwa urefu kwenda na mihimili, futi 8 katikati ya futi 12, maana yake kapi zinakaa futi 2 tu kutoka kila nguzo. Hiyo ni bahati nzuri kwako kwa sababu mzigo ukiwa karibu na nguzo muhimili hauhangaiki, mzigo mbaya kwa muhimili ni wa katikati. Halafu unaunganisha mihimili miwili kwa vipande vifupi vya futi 4 kila mwisho, na kila kona unaweka kipande cha mshazari ili fremu isicheze. Ukutani unaifunga mahali pachache tu isiyumbe, lakini ukuta haubebi kitu. Tofali za nchi 6 boliti ya kutanuka inaingia vizuri ukiikaza, halafu ikivutwa mara kwa mara tofali linapasuka kuizunguka na inaanza kutoka na unga.

Kama wewe ni mtu wa mbao, mbili kwa sita mbili zilizobanwa pamoja kwa boliti zinatosha kwa muhimili, na Tanga mbao nzuri hatuna shida nayo, msaji wa shamba la miti la Longuza upo hapo Muheza tu. Ila mchwa, na mimi chuma nakiamini zaidi kwa sababu nikichomelea fremu nzima kuwa kitu kimoja napata faida nyingine ambayo watu hawaioni: nyaya zikikimbia juu kwa ulalo zinavuta kapi za huku na kapi za kule zikutane. Ukifunga kila kapi kwenye kipande chake cha mbao kilichopigiliwa mahali pake, siku moja vitaanza kusogeleana. Kwenye fremu moja nguvu hizo zinamalizana humo humo ndani ya chuma.

Kapi sasa. Nne za kona, hizo unazijua. Nyaya mbili za muhimili wa kwanza zinakimbia kufuata muhimili mpaka kwenye nguzo yenye winchi. Nyaya mbili za muhimili wa pili zinafika mwisho wa muhimili wao, futi 4 pembeni, kwahiyo zinahitaji kugeuzwa zifuate kile kipande kifupi mpaka kwenye nguzo ileile, hapo kapi mbili. Zote nne zikishakutana juu ya nguzo ya winchi zinageuzwa kushuka chini, kapi nne zimepangwa pamoja kwenye boliti moja nene au mbili mbili. Hizo ni kumi. Nyaya zote nne zinafungwa kwenye bamba moja la chuma, mimi natumia flati ba ya mili 10 yenye matundu, na chini ya bamba hilo unaweka kapi ya kumi na moja ambayo inatembea na bamba. Waya wa winchi unatoka kwenye winchi, unapanda, unazunguka hiyo kapi inayotembea, unarudi chini na kufungwa kwenye nguzo.

Hiyo ya mwisho usiseme fundi ananiongezea gharama. Zile nyaya nne zinagawana mzigo lakini waya wa winchi uko peke yake, unabeba zote. Kilo 200, weka na msuguano wa kapi, hata zenye beringi, zinapita 230, 240 hivi. Waya wa mili 4 wa nyuzi nyingi unakatikia kwenye kilo 900 hivi ukiwa mpya, na kwa kitu kinachoning'inia juu tunagawanya kwa tano, unabaki na 180. Haufai. Ukiweka kapi inayotembea waya wa winchi unabeba nusu, 120, na mkono wako unazungusha nusu, unacholipa ni kwamba unazungusha mara mbili zaidi. Ukishuka pale Deep Sea, ufukweni, utaona mabaharia wa jahazi wanapandisha foromali (ule mti unaoshika tanga) na tanga lake kwa henza, kamba ya kupandishia, inayopita kwenye gofia, yaani kapi ya jahazi, watu wachache tu wanavuta, ni hesabu hiyohiyo hawakuisoma popote.

Na zile nyaya nne za kona, zisikudanganye kwamba kila moja inabeba robo. Kichanja kikiwa kigumu na waya mmoja ukiwa mrefu kidogo kuliko wenzake, mzigo unahamia kona mbili zinazotazamana kwa mshazari na zile nyingine mbili zinapumzika. Kwahiyo kila waya uhesabu kana kwamba ziko mbili tu: kilo 100. Chini ya 180, tuko salama.

Waya wako wa roli, kata mwisho wake uangalie. Kama ndani una nyuzi nene saba tu na ukiupinda unagoma kama nondo, huo ni wa kushikilia nguzo, haupiti kwenye kapi, utakatika mmoja mmoja kwa ndani. Unaotakiwa ni wenye misokoto sita au saba na kila msokoto una nyuzi nyembamba nyingi, unaviringika vizuri. Uwe wa kupakwa zinki. Na kapi zisiwe vidogo vile vya kamba ya kuanikia nguo, waya wa mili 4 unataka kapi ya kipenyo cha mili 70 au 80 kwenda juu, ndogo kuliko hapo inaukunja mno na kuuchosha. Kapi za namna hiyo dukani zinasumbua kupatikana, mimi natumia magurudumu ya geti la kusukuma, yale ya mfereji wa umbo la U yenye beringi, sio ya umbo la V maana V inaubana waya. Unayatengenezea mashavu mawili ya flati ba na boliti ya mili 12 ya 8.8 (hiyo ni namba ya ugumu, imeandikwa kwenye kichwa cha boliti), na mashavu yawe karibu na gurudumu kiasi kwamba waya ukilegea hauwezi kutoka kwenye mfereji ukaingia pembeni. Hilo la waya kuruka ndo linaua kapi nyingi za kienyeji, mara nyingi sio kukatika.

Kamba ya mkonge usiifikirie. Najua sisi huku mkonge ndo umetulea, lakini kamba ya mkonge ikikaa juu na unyevu wa bahari inaoza kwa ndani huku nje inang'aa. Na nailoni inavutika, utakiacha kichanja juu usiku asubuhi unakikuta kimeshuka nchi kadhaa.

Kufunga mwisho wa waya hapo ndo nawaonaga hata mafundi wazuri wanakosea. Usifunge fundo, fundo linaupunguzia waya nguvu vibaya sana. Unazungusha mwisho wa waya kwenye kile kipande cha chuma chenye umbo la tone ili usikunjike, halafu unabana na klipu tatu. Klipu ina vipande viwili, kuna tandiko lenye mikunjo linaloupokea waya, na kuna U yenye nati mbili. Tandiko linakaa kwenye waya mrefu unaobeba mzigo, U inakaa kwenye mkia mfupi, zote tatu upande uleule. Ukigeuza, ile U inauminya waya unaobeba na kuutia kidonda pale pale. Ya kwanza iwe karibu na tone, kati ya klipu na klipu uache kama nchi moja, kaza, pandisha mzigo mara moja, shusha, kaza tena, utashangaa nati zinavyozunguka mara ya pili kwa sababu waya ukivutwa unakonda. Kwenye kona za kichanja weka zile skrubu za kukazia waya ili uweze kusawazisha kwa pima maji, vinginevyo utakuwa unafungua klipu kila siku.

Winchi. Ya trela la boti imetengenezwa kuvuta boti lililoko kwenye magurudumu, na kilo zilizoandikwa pembeni ni za kuvuta, sio za kuning'iniza. Lakini shida yake kubwa ni kwenye kushusha. Ina kile kijino kinachogonga tak tak ukipandisha, na kinazuia vizuri tu. Ukitaka kushusha inabidi ukinyanyue kijino, na kuanzia hapo kitu pekee kilichoshika kilo 120 ni kiganja chako. Kikiponyoka, mkono wa winchi unazunguka kwa kasi ambayo hauuoni, na kila mara ni mtu anajaribu kuudaka. Nilishawahi kuona kwenye karakana moja mkono wa namna hiyo umevunja kifundo cha mkono wa kijana, mzigo wenyewe ulikuwa injini ndogo tu. Tafuta winchi ya mkono yenye breki, ile ambayo ukipandisha inapandisha, ukiachia popote inasimama, na ili ishuke lazima uizungushe wewe kwa kurudi nyuma. Au ile ya gia ya minyoo, inakwenda polepole kama foleni ya benki lakini hairudi yenyewe. Mkononi utaijua kwa kuijaribu dukani: ning'iniza kitu, achia mkono, ikiteleza hata kidogo iache hapo. Ya kilo 500 inakutosha na inabakiza. Kwenye pipa la winchi yabaki mizunguko mitatu ya waya hata kichanja kikiwa chini kabisa, usitegemee ile skrubu ndogo inayobana mwisho wa waya, haijawekwa kubeba mzigo.

Cheni bloku watu wataniuliza. Ni kitu kizuri, breki yake inajishika yenyewe, nusu tani ni ndogo na ya kudumu, unaweza kuitundika iwe inavuta lile bamba badala ya winchi na hautakosea. Winchi ya umeme mimi kwa nyumbani siipendi, zile zilizoandikwa 200 nyingi ni 100 kwa waya mmoja na 200 ukitumia kapi ya ndoano yake, umeme ukikatika katikati kichanja kinabaki nusu njia juu ya gari, na watoto wakijua kitufe kilipo umekwisha.

Winchi uifunge kwenye nguzo ileile yenye kapi nne juu, usawa wa kiuno hivi, sio ukutani. Kapi zinaivuta nguzo chini, winchi inaivuta nguzo juu, zinamalizana. Na kwa sababu lile bamba linashuka kadiri kichanja kinavyopanda, nafasi yako ya wima pale nguzoni ni ndogo, kwahiyo usipange kichanja kishuke mpaka sakafuni. Kiishie usawa wa kiuno juu ya farasi wawili wa mbao, zile stendi za miguu minne za maseremala. Kikienda mita 1.4 tu kinatosha, waya wa winchi unaingia mita 2.8, na mgongo wako utanishukuru maana unapakia viti ukiwa umesimama wima.

Urefu: futi 10 ni sentimita 305. Fremu na kapi zinakula 20, kichanja chenyewe 6. Mzigo ukiupanga wa futi 3 kwenda juu chini ya kichanja panabaki sentimita 189 na Noah nyingi zina 185 na kitu, yaani kioo cha mbele utakipitisha kwa dua. Panga mzigo usizidi futi 2, unabaki na kama 219, hapo unaingia bila wasiwasi. Na kichanja kikae juu ya pua ya gari, mbele kabisa, gari iingie kwa pua, kwa sababu mlango wa nyuma wa Noah unafunguka kwenda juu na utaupiga kichanja siku mama watoto anatoa mizigo ya sokoni.

Sasa lile nililoanza nalo. Kwenye mihimili, juu ya kila kona ya kichanja, ning'iniza kipande cha cheni ya mili 6 ya pingili zilizochomelewa, ndefu kiasi kwamba kichanja kikiwa juu unaingiza ndoano yenye kizuizi kwenye sikio la chuma lililochomelewa kwenye kona ya kichanja. Unapandisha kidogo kuzidi, unapachika zote nne, unashusha mpaka cheni zinabeba na nyaya zinalegea. Zilegee kweli, uzishike kwa mkono zicheze. Kuanzia hapo winchi ikiharibika, waya ukiota kutu, mtoto akichezea mkono wa winchi, hakuna kinachoshuka. Kupachika unatumia ngazi pembeni, sio ukiwa chini ya kichanja. Ukitaka uvivu zaidi fundi anaweza kukutengenezea pini za kusukuma kutoka pembeni, ila cheni unaiona kwa macho imebeba au haijabeba, na mimi napenda kitu kinachoonekana.

Kujaribu. Gari nje, watoto nje. Mifuko minne ya saruji, hapo Pongwe wanatengeneza, kila mmoja kilo 50, pamoja na kichanja unafika 255, yaani robo zaidi ya mwisho tuliojiwekea. Kabla ya kupandisha vuta uzi kutoka nguzo hadi nguzo kwenye kila muhimili. Pandisha sentimita 20 tu, subiri, zunguka uangalie kila kapi, kila klipu, sikiliza. Halafu mpaka juu, pachika cheni, kiache usiku kucha. Asubuhi angalia uzi na muhimili, ukishusha mzigo muhimili urudi kwenye uzi wake. Ukibaki umepinda, kuna kitu chembamba kuliko nilichokwambia, na wauza paipu wengine mili 3 yao ni mili 2, kwahiyo nenda dukani na kipimo chako.

Sahare uko na chumvi ya bahari saa zote. Piga rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo, na matundu ya boliti uyapake kabla ya kufunga. Waya uupitishie kitambaa chenye oili nzito kila baada ya miezi michache, na kitambaa hichohicho ndo mkaguzi wako: kikikwama na kuacha nyuzi, kuna uzi wa waya umekatika hapo. Usitumie kiganja kitupu, utaenda hospitali na vijiti vya chuma mkononi. Ukikuta nyuzi kadhaa zimekatika sehemu moja, au waya umepinda ukaacha kovu, badilisha wote, roli unayo. Na biashara ikikua ukaajiri vijana wa kupakia, hiyo sio ya nyumbani tena, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakuhusu na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana wakaguzi wa vifaa vya kunyanyulia, waite waje waangalie.

Neno moja kuhusu mke wako. Viti vinavyotoka kila Ijumaa na kurudi kila Jumatatu usivipandishe, utazungusha winchi mpaka uichukie. Hivyo vipange chini kwenye kona karibu na mlango, vikipachikana 40 havili nafasi kubwa. Juu weka vya msimu, maturubai makubwa, masufuria ya pilau ya watu mia tatu, na mwezi wa Ramadhani ambapo harusi zinasimama ndo upandishe na viti vyote vipumzike huko.

Kushusha peke yako unaweza, ukiwa na winchi ya breki na ukiwa na mazoea ya kuangalia mambo mawili: hakuna mtu wala paka chini, na cheni zote nne umezitoa. Ukisahau moja kichanja kitaning'inia kona hiyo na viti vyote vitakuja upande wa pili. Kwa hiyo funga kitambaa chekundu kwenye kila ndoano na kabla hujagusa winchi zihesabu zikiwa zimening'inia tupu.

Injini ya hosi 15 haipandi. Ni kilo 40 hivi zilizokusanyika sehemu moja, zitakuharibia usawa wa kichanja, na hata ukiimwaga petroli huwa inabaki kwenye kabureta na mvuke wake juu ya gari lenye betri siutaki. Itengenezee kistendi cha mbao wima ukutani, kichwa juu, pangaboi chini, kwa hali hiyo hata maji yaliyobaki ndani yanajitoa yenyewe.